Steki, moyo na utumbo: misuli ya aina tatu, mashine moja

Asubuhi moja niliingia buchani kabla jua halijakolea. Paja la ng'ombe lilikuwa ndiyo kwanza limeshushwa kutoka machinjioni na kutundikwa kwenye ndoano. Dada aliyenitangulia alikuwa ameomba kilo moja ya steki. Muuza nyama akaikata, akaiweka kwenye mzani, na kile kipande kikaanza kucheza. Hakikuruka. Kilitetemeka upande mmoja, kikatulia, kisha kona nyingine ikajivuta taratibu, kama ngozi ya punda anayefukuza nzi.

"Kaka, mbona hii nyama ina uhai?"

"Ndiyo kwanza imeingia, dada. Ukiona haichezi, ujue imelala."

Jibu la mfanyabiashara, lakini si la uongo. Ng'ombe alikwisha kufa, kichwa chake kiko kwenye meza nyingine, hakuna ubongo wa kutoa amri, na bado kipande cha paja kinajikaza chenyewe mbele ya wateja. Ukielewa sababu ya mtetemo ule, na sababu ya kipande hichohicho kuwa kigumu kama mbao saa chache baadaye, umeelewa nusu ya habari ya misuli.

Nusu ya pili ilikuwa imelala palepale mezani. Karibu na steki palikuwa na moyo uliopasuliwa katikati, na chini yake beseni la utumbo. Kwa mpishi hivyo ni vitu vitatu vyenye bei tatu. Kwa mtu wa biolojia vyote vitatu ni msuli: steki ni msuli wa mifupa, moyo ni msuli wa moyo, na ukuta wa utumbo ni msuli laini. Vitabu vya shule huipanga aina hizi katika jedwali safi, huu una mistari, ule hauna, huu wa hiari, ule si wa hiari. Mwanafunzi anakariri, anafaulu, na anaondoka akiamini kwamba mwilini mna mashine tatu. Mashine ni moja. Zinazotofautiana ni amri zinazoiwasha, na njia ambayo amri hizo hupitia.

Kwanza tukubaliane maneno, maana Kiswahili chetu kina ukarimu kidogo hapa. Msuli ni nyama inayovuta, lakini pia ni ile nguo ya miraba ambayo wanaume wa pwani hujifunga kiunoni, na kwa wanavyuo wa Tanzania kupiga msuli ni kukesha na vitabu. Neno mshipa ndilo baya zaidi: mtu akisema mshipa umembana, anaweza kuwa anazungumzia msuli, mshipa wa damu, mshipa wa fahamu, hata ngiri. Humu nitasema mshipa wa fahamu kwa ule unaopeleka habari, na kano kwa ile kamba nyeupe inayofunga msuli kwenye mfupa, ambayo mlaji huishia kuitema.

Kazi moja tu: kuvuta

Msuli hausukumi. Kila unachofanya, hata kusukuma gari lililozimika, kinafanywa na misuli inayovuta mifupa. Ukikunja mkono, msuli wa mbele wa sehemu ya juu umevuta. Ukiunyoosha, wa mbele haukujirefusha wenyewe. Wa nyuma ndio uliovuta, na wa mbele ukalegea na kunyooshwa. Ndiyo maana misuli ya mifupa imepangwa kwa jozi zinazopingana. Tunayo zaidi ya 600, na kwa pamoja hufika karibu asilimia 40 ya uzito wa mtu mzima.

Moyo na utumbo havina mfupa wa kuvuta. Lakini zungushia nyuzi zinazovuta kwenye kitu chenye uwazi ndani, na kuvuta kunageuka kuwa kukamua. Moyo hukamua damu, utumbo hukamua chakula, kibofu hukamua mkojo, mfuko wa uzazi humkamua mtoto.

Ndani ya steki

Nyama iliyochemshwa sana huchambuka. Kila kijiuzi unachoweza kukivuta kwa ukucha ni fungu la nyuzi nyembamba zaidi zilizofungwa pamoja kwa utando. Ukizidi kuchambua utafika kwenye uzi mmoja wa msuli, na huo ni seli moja. Ni seli ya ajabu. Unene wake ni kati ya sehemu 1 na 10 za mia za milimita, lakini urefu wake unaweza kufika sentimita kadhaa, na katika misuli mirefu ya paja ukapita sentimita 20. Ina viini vingi, mamia na zaidi, kwa sababu iliundwa tumboni mwa mama kwa seli nyingi kuungana na kuwa moja.

Seli hiyo imejaa vijinyuzi vilivyolala sambamba kutoka ncha hadi ncha. Chini ya hadubini kila kijinyuzi kina mistari, wa giza, wa mwanga, wa giza, wa mwanga. Mistari hiyo ilionekana zamani, na kwa muda mrefu wataalamu walidhani msuli hujikaza kwa sababu protini zake hujikunja kama kamba ya mpira iliyoachiwa. Mwaka 1954 ripoti mbili zilitoka katika toleo moja la jarida la Nature, zimefuatana. Moja iliandikwa na Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, nyingine na Hugh Huxley na Jean Hanson. Hao akina Huxley wawili hawakuwa ndugu, na makundi yao yalitumia hadubini za aina tofauti. Wote waliona jambo lilelile: msuli unapofupika, mistari ya giza haibadiliki upana. Ya mwanga ndiyo inayosinyaa. Hakuna kinachojikunja. Vitu viwili vinateleza, kimoja kando ya kingine.

Vitu hivyo ni fito za protini. Fito nene zimetengenezwa kwa miosini, fito nyembamba kwa aktini. Kipande kimoja cha mashine, kutoka ukuta hadi ukuta, huitwa sakomia, na urefu wake ni kama sehemu mbili za elfu za milimita. Katika milimita moja ya kijinyuzi zimepanga foleni sakomia zaidi ya 400.

Mfano wa mashua ndio ulionisaidia mimi. Fikiria mashua tatu baharini, zimepangwa kwenye mstari mmoja. Katika ya kati kuna wanaume wengi. Nusu wametazama mbele, nusu wametazama nyuma. Kila upande umeshika kamba iliyofungwa kwenye mashua ya upande wake. Wakianza kuvuta, mashua mbili za pembeni husogea kuelekea kati. Kamba hazijafupika. Mashua hazijafupika. Msafara mzima ndio uliofupika. Mashua ya kati ni ufito mnene, kamba ni fito nyembamba, mashua za pembeni ni kuta za sakomia. Na mikono ya wavutaji ni vichwa vya miosini, vinavyochomoza pembeni mwa ufito mnene, mamia kwa kila ufito. Sasa panga maelfu ya misafara hiyo, kichwa kwa mkia. Kila mmoja ukifupika kidogo tu, mkono unainua ndoo ya maji.

Wavutaji kamba wazuri hawaachii wote kwa pamoja. Huyu anashika, yule anaachia na kupeleka mkono mbele. Vichwa vya miosini hufanya hivyohivyo. Kila mvuto mmoja ni mdogo mno, nanomita kama 10, yaani sehemu 10 za milioni za milimita, kisha kichwa kinaachia, kinajikunjua na kushika mbele zaidi.

Kuachia ndiko kunakogharimu

Hapa ndipo wengi wetu tulipotoshwa shuleni, tena bila nia mbaya. Tuliambiwa msuli unahitaji nguvu ili ujikaze, na tukaelewa kwamba ukikosa nguvu utalegea. Ni kinyume chake.

Nguvu ya seli hubebwa na molekuli iitwayo ATP. Kichwa cha miosini kinaposhika aktini na kuvuta, hubaki kimeng'ang'ania pale. Hakiwezi kuachia mpaka ATP mpya ije kukaa juu yake. ATP ikifika, kichwa kinaachia. Ikivunjwa, nguvu yake inakitega upya, kama mtu anayetega mtego wa panya. Mvuto wenyewe unatokana na mtego kufyatuka. Kwa hiyo bila ATP hakuna kutega, na hakuna kuachia.

Rudi buchani. Mnyama akishachinjwa, damu haipeleki tena oksijeni, lakini seli za paja hazijui kwamba mwenyewe amekufa. Zina ATP kidogo iliyobaki, zina sukari ya akiba, na visu vinavyokata mishipa ya fahamu na nyuzi huzichokoza. Zinajikaza na kulegea, na steki inacheza kwenye mzani. Baada ya saa kadhaa akiba inaisha. Vichwa vyote vilivyoshika vinabaki vimeshika, mamilioni kwa mamilioni, na nyama inakakamaa. Mwili wa binadamu hufanya hivyo pia. Ukakamavu wa maiti kwa kawaida huanza baada ya saa 2 hadi 6, kuanzia kwenye misuli midogo ya kope na taya, na ndiyo maana wazee wetu hufunga macho na taya za marehemu mapema, wala hawasubiri waoshaji. Siku moja au mbili zikipita ukakamavu huondoka. Vichwa havikuachia, vimeng'enya vya seli vimeanza kuikata mashine yenyewe. Mchinjaji anayeiacha nyama kwenye baridi kwa siku kadhaa ili ilainike anasubiri jambo hilohilo.

Kwa hiyo muuza nyama wangu alisema kweli: ikicheza, ni mbichi. Ila isiyocheza si lazima iwe ya jana. Imemaliza ATP tu.

Amri inapofika

Kama vichwa vya miosini vipo tayari muda wote na ATP ipo, mbona hatujikazi mchana kutwa? Kwa sababu njia imezibwa. Juu ya kila ufito wa aktini umelala uzi mwingine mwembamba wa protini, tropomiosini, unaofunika mahali pa kushikia. Uzi huo umebanwa na protini nyingine, troponini, iliyogunduliwa na Setsuro Ebashi na wenzake huko Japani miaka ya 1960. Troponini ni kama mlinzi wa geti anayetambua sura moja tu: kalsiamu. Kalsiamu ikifika, troponini hubadili umbo, uzi unasogezwa, vichwa vinashika.

Habari yote ya misuli, ukiichemsha hadi ikauke, ni kalsiamu inatoka wapi na nani anaifungulia.

Kwenye msuli wa mifupa amri hutoka kwenye uti wa mgongo kwa mshipa wa fahamu. Ncha ya mshipa haigusi uzi wa msuli. Kati yao kuna ufa mdogo, na ncha humwaga kemikali ya asetilikolini ndani ya ufa huo. Uzi unapoipokea, wimbi la umeme linatambaa juu ya ngozi yake na kuzama ndani kwa vijishimo vilivyotobolewa kote. Ndani, vijishimo vimepakana na mifuko ya utando iliyojaa kalsiamu. Umeme ukifika, lango la kijishimo linavuta lango la mfuko, kama mlango uliofungwa kwa kamba kwenye mlango mwingine. Kalsiamu inamwagika. Amri ikikoma, pampu zinairudisha mifukoni, na pampu hizo nazo zinakula ATP. Kulegea, tena, kunalipiwa.

Mshipa mmoja wa fahamu hugawa matawi kwa nyuzi kadhaa. Katika misuli inayozungusha jicho, mmoja huamuru nyuzi chache, kama 10, ndiyo maana unaweza kufuata maandishi haya herufi kwa herufi. Katika misuli ya mguu mmoja huamuru zaidi ya 1,000. Uzi wenyewe haujui kujikaza nusu: ukiamriwa unajikaza. Tofauti ya kushika yai na kushika jembe ni idadi ya mishipa iliyopewa kazi, na kasi ambayo amri zinafuatana.

Pepopunda huonyesha mfumo huu ukiwa umeharibika. Sumu ya bakteria wake hupanda hadi uti wa mgongo na kuzima zile ishara zinazoiambia misuli ipumzike. Zinabaki za kukaza tu. Jozi zinazopingana zinavuta kwa wakati mmoja, taya inafunga, mgongo unapinda kama upinde, na mgonjwa ana fahamu zake zote. Mashine haina hitilafu hata moja. Aliyeshika breki ndiye aliyeondolewa.

Kidari na paja

Kabla hatujaacha steki, kuku. Kidari cha kuku ni cheupe, paja ni la rangi nzito. Kuku hutembea kutwa, lakini huruka mara chache, akifukuzwa. Nyuzi za paja ni za kazi ndefu: zina mitokondria nyingi, yaani vijitanuri vya seli vinavyotengeneza ATP kwa oksijeni, mishipa mingi midogo ya damu, na protini nyekundu inayotunza oksijeni. Zinajikaza polepole na hazichoki upesi. Nyuzi za kidari ni za haraka, zinachoma sukari bila kungoja oksijeni, na zinaishiwa mapema. Mpasue njiwa uone: kidari chake ni chekundu, kwa kuwa njiwa anaruka kweli. Vivyo hivyo jodari asiyeacha kuogelea ana nyama nyekundu, na changu wa kwenye miamba ana nyeupe.

Binadamu tumechanganyiwa zote. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka 2021, kazi kubwa ilifanywa na nyuzi za haraka. Eliud Kipchoge alipomaliza kilomita 42 za Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mwaka 2019, aliegemea nyuzi za polepole. Mazoezi huongeza unene wa nyuzi na mitokondria zake. Mgawanyo wa msingi wa haraka na polepole, kwa sehemu kubwa, mtu amezaliwa nao.

Moyo hauulizi

Nyumbani kwetu kambare aliletwa akiwa hai. Mama akimpasua, tulikuwa tunagombania kuuona moyo wake ukipiga juu ya ubao, peke yake, dakika baada ya dakika. Nilidhani kambare ana roho ngumu. Baadaye ndipo nikajua kwamba kila moyo uko hivyo, ila wa kambare hauhitaji joto wala oksijeni nyingi.

Msuli wa moyo una mistari kama ya steki: sakomia zilezile, aktini ileile, troponini karibu ileile. Lakini seli zake ni fupi, zenye matawi, na zimeunganishwa ncha kwa ncha kwa vikingo vyenye gundi imara na vitundu. Gundi huzuia zisichanike zinapovutana. Vitundu hupitisha umeme moja kwa moja kutoka seli hadi seli. Hakuna haja ya kila seli kuwa na mshipa wake wa fahamu. Ukiigusa moja, habari imeenea mtaa mzima.

Anayegusa ya kwanza ni fundo dogo la seli juu upande wa kulia wa moyo. Seli hizi huvujisha chaji zenyewe hadi zinajifyatua, tena na tena, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Ubongo hauanzishi mapigo. Unachoweza ni kuharakisha au kupunguza, kama kondakta anayegonga bati la daladala wakati usukani uko kwa dereva. Moyo uliopandikizwa, ambao mishipa yake ya fahamu ilikatwa, unaendelea kupiga wenyewe.

Kalsiamu ya moyo ina njia yake. Umeme ukipita, lango la nje la seli linaingiza kalsiamu kidogo kutoka kwenye maji yanayoizunguka, na hiyo kidogo ndiyo inayofungulia mifuko ya ndani itoe nyingi. Kipande hiki cha elimu kilianza kwa bahati. Mwanzoni mwa miaka ya 1880 daktari Sydney Ringer wa London alikuwa akiendesha mioyo ya vyura kwa maji ya chumvi, na ikapiga vizuri. Kisha ikagundulika kwamba mchanganyiko ule ulitengenezwa kwa maji ya bomba, si maji safi ya maabara. Alipotumia maji safi, mioyo ilidhoofika na kusimama. Bomba la London lilikuwa na kalsiamu. Kipande cha steki kingeweza kuendelea kujikaza bila kalsiamu ya nje kwa muda mrefu, moyo hauwezi.

Na umeme wa moyo hudumu. Katika uzi wa steki wimbi hupita kwa milisekunde chache, hivyo amri zinaweza kurundikana hadi msuli ukakaza bila kuachia, kama unaponing'inia kwenye tawi. Katika moyo wimbi hukaa milisekunde 200 hadi 300, karibu muda wote wa pigo, na kabla halijaisha seli haisikii amri nyingine. Moyo hauwezi kukaza na kubaki umekaza. Ungefanya hivyo, usingejaza damu.

Ila kuna sumu inayojua kuuvuruga mpangilio huo. Wawindaji wa Kikamba, Kigiriama na Waliangulu walipaka mishale yao utomvu uliopikwa kutoka kwenye mti wa msunguti, na kwa mshale huo waliangusha hata tembo. Kiini cha sumu hiyo, ouabain, huziba pampu inayotoa sodiamu kwenye seli. Sodiamu ikijaa, kalsiamu nayo haitoki. Moyo unavuta kwa nguvu kupita kiasi, mpangilio unavunjika, unasimama. Dawa ya digoxin wanayopewa baadhi ya wagonjwa wa moyo hugusa pampu hiyohiyo, kwa kipimo kidogo kinachochungwa sana.

Seli za moyo karibu hazizaliwi upya. Majaribio ya mabomu ya nyuklia ya miaka ya 1950 na 1960 yalijaza hewani kaboni ya aina ya pekee, ikaingia kwenye miili ya watu wote. Mwaka 2009 kundi la Jonas Frisén huko Sweden lilitumia alama hiyo kupima umri wa seli za moyo, na likakuta kwamba kijana wa miaka 25 hubadilisha kama asilimia 1 kwa mwaka, na mzee wa 75 chini ya nusu yake. Paja likichanika hujishona, kwa kuwa kando ya nyuzi zake kuna seli za akiba. Moyo ukikosa damu na sehemu ikafa, panabaki kovu, na kovu halivuti.

Utumbo, mshipa wa damu na mfuko wa uzazi

Msuli laini hupewa aya mbili mwishoni mwa sura, kama mtoto wa kambo. Mimi nauona ndio wenye akili kuliko wote.

Seli zake ni ndogo, nene katikati na nyembamba nchani, zenye kiini kimoja. Hazina mistari, si kwa kukosa mashine, bali kwa sababu fito hazikupangwa foleni. Aktini imefungwa kwenye vifundo vilivyotapakaa ndani ya seli na kwenye utando wake, ikikatiza huku na huku kama kamba za kitanda cha teremka tukaze. Miosini ikivuta, seli nzima inasinyaa. Kwa kuwa haina sakomia za kuibana, huweza kunyooshwa mara mbili ya urefu wake na bado ikavuta. Ndiyo maana tumbo hupokea sahani ya pilau ya harusini na kibofu hungoja hadi mwisho wa safari.

Troponini haimo. Kalsiamu, ambayo nyingi huingia kutoka nje ya seli, hushikwa na protini iitwayo kalmodulini, nayo huamsha kimeng'enya kinachobandika fosfeti kwenye kichwa cha miosini. Kwenye steki kalsiamu huondoa kizuizi juu ya kamba. Huku huwaamsha wavutaji wenyewe. Hatua zimezidi, hivyo msuli laini huchelewa kuanza na huchelewa kuacha. Lakini una hila moja: vichwa vyake vinaweza kubaki vimeshika kwa muda mrefu huku vikitumia ATP kidogo sana. Kuta za mishipa ya damu hukaza mchana na usiku, miaka 70, bila kuchoka. Jaribu kunyoosha mkono mbele kwa dakika 10 uone.

Wa kuamuru nao ni wengi. Mishipa ya fahamu isiyongoja ridhaa yako, homoni, kunyooshwa kwenyewe, na katika tumbo na utumbo kuna seli maalumu zinazopiga mdundo wake; tumboni ni kama mara 3 kwa dakika. Amri ileile inaweza hata kuwa na maana mbili: adrenalini hukaza mishipa ya damu ya ngozi, na hulegeza njia za hewa mapafuni. Dawa ya salbutamol anayovuta mgonjwa wa pumu hubonyeza kitufe hicho cha kulegeza.

Tofauti za njia ya kalsiamu ndizo zinazoziwezesha dawa nyingine kuchagua. Baba mdogo humeza amlodipine kila jioni kwa ajili ya presha. Dawa hiyo huziba malango yanayoingiza kalsiamu kwenye seli za kuta za mishipa ya damu. Kuta zinalegea, presha inashuka. Mbona miguu haimlegei akapanda ngazi kwa kutambaa? Kwa sababu paja halitegemei kalsiamu ya nje. Mlango wake umefungwa kwa kamba kwenye mlango wa mfuko wa ndani, na dawa haikati kamba.

Mfuko wa uzazi nao ni msuli laini. Kabla ya mimba una uzito wa gramu kama 70. Mimba ikikomaa hukaribia kilo moja, seli zake zikiwa zimenenepa na kurefuka. Siku ya kujifungua seli zimeunganishwa kwa vitundu vingi kama vya moyo, homoni ya oksitosini inazichochea, na uchungu unakuja kwa mawimbi: kaza, legea, kaza. Mtoto akitoka na kondo likatoka, mahali lilipokuwa limeshikamana panabaki mishipa ya damu iliyo wazi. Nyuzi za mfuko zimekatiza katikati ya mishipa hiyo kila upande, na zikikaza zinainyonga yote kwa mpigo. Ndiyo maana mkunga huchoma sindano ya oksitosini mtoto anapotoka tu, kisha hupeleka mkono chini ya kitovu cha mama na kubonyeza, akitafuta kitu cha mviringo. Kikiwa laini anakikanda, damu ikitoka. Anaendelea kukanda mpaka kinakuwa kigumu kama embe bichi chini ya vidole vyake, na damu inapungua.